Kitenzi "avail" kwenye barua za ofisi: matumizi yapi ni sahihi?

Karani_wa_Masjala

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kuhusu kitenzi cha Kiingereza "avail". Kwenye barua na madokezo ya ofisi kimejaa kuliko hata "give", lakini kila kamusi ninayofungua inakieleza tofauti na tulivyokizoea. Sentensi zinazonitatiza ni hizi, zote zipo kwenye rasimu zinazosubiri kutumwa:

1. "Kindly avail the receipts by Friday."
2. "You are requested to avail yourself at the office at 9 a.m."
3. "The funds have not been availed."
4. "I will avail myself to the interview panel."
5. "Staff may avail the new medical cover."
6. "We called the supplier several times, to no avail."

Ipi imekaa sawa, ipi ina kasoro, na kasoro yenyewe ni ipi hasa? Wasomaji ni mchanganyiko: wapo wa Dodoma na Nairobi, wapo wafadhili walioko London, na msimamizi wa mradi ni Mhindi. Halafu, kinafaa kwenye mazungumzo ya kawaida au ni cha barua tu?

Kalamu_Nyekundu

Namba 6 haina tatizo, iweke pembeni. Tano zilizobaki zote zina shida, ila si shida ya aina moja.

Tumekipa "avail" maana ya kutoa au kuleta, na Kiingereza sanifu hakikipi maana hiyo. Asili yake ni kufaa, kuwa na manufaa. Kimepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini "valere", kuwa na nguvu au thamani, mzizi uleule uliozaa "value" na "valid". Kwa hiyo mtendaji wa kitenzi hiki ni yule anayenufaika na kitu, si yule anayekitoa.

Umbo lililo hai leo ni moja: "avail", kisha neno lenye -self, kisha "of", kisha kitu chenyewe.

"Residents may avail themselves of the free clinic on Saturdays."

Yaani wakazi wanaweza kujipatia huduma ya kliniki ya bure siku za Jumamosi. Ile -ji- ya "kujipatia" ndiyo kazi ya -self. Tunapoteleza ni hapa: -ji- yetu haibadiliki, iwe najipatia, unajipatia au wanajipatia. Kiingereza kinadai -self ifuate mtenda. "I availed myself", "she availed herself", "we availed ourselves", "the school availed itself", "the farmers availed themselves". Kwenye tangazo la wafanyakazi wote andika "yourselves". Ukimwandikia mmoja, "yourself". Na "everyone" siku hizi huenda na "themselves" bila mtu kulalamika.

"Of" haina mbadala. Si "to", si "with", si "from", si "for". Wanaoandika "to" wanavutwa na "available to", ambayo ni kivumishi chenye kihusishi chake, hakihusiani na kitenzi hiki.

Baada ya "of" weka nomino. "I would like to avail myself of attending the seminar" haikai vizuri. Nomino itangulie, kitendo kifuate: "avail myself of the chance to attend the seminar". Na nomino yenyewe iwe kitu ambacho tayari kipo na mtu ana nafasi ya kukitumia: opportunity, offer, service, discount, right, facilities. Binadamu hawekwi hapo moja kwa moja. Huwezi "avail yourself of the lawyer", lakini "of the lawyer's advice" ni sawa kabisa.

Tahajia: availed, availing, avails. Herufi l ni moja tu. Wengi huandika mbili kwa kufananisha na "travelled", lakini irabu mbili za "ai" kabla ya l zinazuia kuirudia. Mkazo wa sauti uko kwenye silabi ya "-vail".

Sasa sentensi zako.

Namba 5 ndiyo pekee inayostahili kubaki na kitenzi hiki: "Staff may avail themselves of the new medical cover." Ukitaka lugha nyepesi, "Staff can now use the new medical cover."

Namba 1: "Please send the receipts by Friday." Kama ni za kuletwa mkononi, "bring" au "hand in". Kama ni za kuambatisha kwenye barua pepe, "attach".

Namba 2: "Please come to the office at 9 a.m." Kwa wito rasmi, "Please report to the office at 9 a.m." Hapa "avail yourself at" imechanganya kujipatia na kufika.

Namba 4: "I will be available for the interview." Shika hii: "available for" huenda na tukio, "available to" huenda na mtu.

Namba 3 inahitaji uamuzi wako kwanza, maana "availed" imeficha hatua ya fedha. Kama bajeti imepita na kinachosubiriwa ni idhini ya kuziachia, "The funds have not been released." Kama ni ruzuku au mkopo unaolipwa kwa awamu, "have not been disbursed". Kama zimetumwa lakini kwako hazijaingia, "We have not received the funds." Mfadhili akisoma "availed" hajui amuulize nani: hazina, benki au mhasibu wake mwenyewe.

Bin_Kaskazini

Maelezo mazuri, ila namba 1 na 3 mkuu umezihukumu haraka. "Avail" kwa maana ya kutoa si kosa la karani mmoja. Ni Kiingereza cha Afrika Mashariki kilichokomaa. Utakikuta kwenye magazeti ya Nairobi na Kampala, kwenye kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Kenya, kwenye barua za wizara na za vyuo vikuu. Anayeandika "the Ministry should avail the report" anaeleweka na kila mtu kuanzia Mombasa hadi Mbarara. Wairlandi, Wahindi na Wafilipino nao wana yao: huacha -self na kusema "avail of the discount" bila wasiwasi. Kwa nini letu ndilo liitwe kasoro?

Na kilivyozaliwa si kwa ujinga. Watu walilijua kwanza "available", kitu kinachopatikana, kisha wakashusha kitenzi kutoka humo: kama kitu kiko "available", basi aliyekifanya hivyo "availed it". Mantiki ipo. Tena hata "available" yenyewe haikuanza na maana hii ya leo. Zamani ilikuwa na maana ya chenye kufaa au chenye nguvu ya kisheria, ikahama polepole. Maneno huhama.

Dokezo la ndani linalotoka idara moja kwenda nyingine mjini Nairobi, mimi nisingeligusa.

Kalamu_Nyekundu

Bin_Kaskazini, kwa dokezo la ndani nakubaliana nawe, na neno "kasoro" ni kali kwa namba 1 na 3. Namba 2 na 4 bado nazishikilia.

Lakini mwuliza swali ana wasomaji wa pande tatu, na ndipo hatari ilipo. Tazama sentensi hii: "The cooperative availed a loan in March." Kwa msomaji wa Nairobi, ushirika umetoa mkopo. Kwa msimamizi aliyesomea India, ushirika umechukua mkopo, kwa sababu Kiingereza cha kwao husema "avail a loan" kwa maana ya kuutumia au kuuchukua. Mdai na mdaiwa wamebadilishana viti. Wa London naye atakwama kwenye kitenzi akidhani kuna neno limedondoka.

Likizo ni vilevile. "Avail leave" kwa Mhindi ni kwenda likizo. Kwa kwetu mtu anaweza kuielewa kama kumpa mtu likizo. Walioajiriwa Dubai au Muscat kwenye ofisi zenye mameneja wa Kihindi watakutana nayo kwenye fomu: "leave availed" ni siku ulizokwisha kutumia, si siku ulizopewa. Ukijaza siku zako zote za mwaka kwenye kisanduku hicho, umeandika kwamba huna siku hata moja iliyobaki.

Kwa hiyo ushauri wangu hautokani na kuwaonea haya watu wa huku. Kitenzi kinachoweza kumaanisha kutoa na kupokea kwa wakati mmoja hakifai kwenye barua yenye pesa.

Hati_na_Mihuri

Niongeze upande wa nyaraka, kwa sababu kuna mahali ambapo ukikiondoa kitenzi hiki umeharibu.

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ibara ya 1, unamtaja mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kuteswa iliyo na msingi, ambaye hawezi au, kwa sababu ya hofu hiyo, hataki "to avail himself of the protection of that country". Ni umbo lilelile alilolieleza Kalamu_Nyekundu: mtenda, -self, of, kitu. Ibara hiyohiyo sehemu ya C inasema mkataba hautamhusu tena mtu aliyejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake, na neno lililotumika ni "re-availed himself". Wakalimani wanaowasaidia Wakongomani na Warundi kwenye mahojiano ya hifadhi walijue neno hili vizuri. Mtu aliyeomba pasipoti mpya ubalozini kwao anaweza kuulizwa kama alijiweka tena chini ya ulinzi wa nchi yake. Mkalimani akitafsiri "re-availed himself of the protection" kuwa "alirudi kuishi kwao", ameuliza swali jingine, na jibu litakaloandikwa halitakuwa la swali lililoulizwa.

Pili, barua za kibalozi zinazoandikwa kwa nafsi ya tatu. Hufungwa kwa fomula isiyoguswa: ubalozi "avails itself of this opportunity to renew to the Ministry of Foreign Affairs the assurances of its highest consideration". Angalia "itself", kwa kuwa ubalozi ni mmoja. Zikiwa balozi mbili zinaandika pamoja, inakuwa "avail themselves".

Tatu, sheria ya Marekani. Katika kesi ya Hanson v. Denckla ya 1958, Mahakama ya Juu ya huko ilisema lazima kuwe na kitendo ambacho mshtakiwa kwa makusudi "avails itself of the privilege" ya kufanya shughuli ndani ya jimbo husika, ndipo mahakama za jimbo hilo ziwe na mamlaka juu yake. Ukisoma mkataba wa biashara na kampuni ya Marekani ukakuta "purposeful availment", chimbuko ni hapo. Haina uhusiano wowote na kuwasilisha nyaraka.

Karani_wa_Masjala

Ahsanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Maswali mawili yamebaki. "The committee was availed with the documents" nayo inasikika sana, tatizo ni "with" au ni kitenzi? Na lile la mazungumzo ya kawaida halijajibiwa.

Mama_Sarufi

Mwanangu, "with" imeazimwa kutoka "provide", "supply" na "furnish". Hivyo vitatu hupokea mtu kwanza, kisha "with", kisha kitu: "We provided the committee with the documents." Ukigeuza mpangilio, kihusishi nacho kinageuka: "We provided the documents to the committee." Kauli ya kutendwa inafuata bila shida: "The committee was provided with the documents." Kwa "avail" njia hiyo haipo. Rahisi zaidi ni "The committee was given the documents" au "received the documents", na hapo "with" haitakiwi kabisa. Usiandike "was given with".

Hata umbo sahihi la "avail" halipendi kauli ya kutendwa. "The opportunity was availed of by few members" utaikuta kwenye maandishi ya zamani, na inagugumia. Igeuze: "Few members took up the opportunity."

Mazungumzo ya kawaida sasa. Kitenzi hiki kimevaa suti. Ukimwambia mgeni sebuleni "please avail yourself of the mandazi", sarufi ni safi lakini Mwingereza atacheka akidhani umetania. Wao wenyewe hukitumia hivyo kwa kejeli ya upole: "He availed himself of my biscuits" inadokeza kwamba jamaa alijisevia bila kukaribishwa. Kama si utani unaoutaka, kwenye chakula sema "help yourself to". Kwenye ofa au nafasi, "take up". Kwenye kifaa au huduma, "use" inatosha, na "make use of" ukitaka urasmi kidogo.

"Take advantage of" ni jirani wa karibu lakini ana makucha. Kwa kitu ni sawa: "We took advantage of the low prices." Kwa mtu ni kumlaghai au kumtumia vibaya. "I took advantage of your secretary" si shukrani kwa msaada wa katibu muhtasi, ni jambo la kwenda kujieleza polisi.

Kuhusu namba 6 yako, kila mtu ameipitisha haraka. Hapo "avail" ni nomino na ina vikwazo vyake. Husemwa "to no avail" au "to little avail", baada ya juhudi kutajwa. Si "with no avail", si "in no avail". Na usiipachike kwenye kitenzi ambacho tayari kimebeba kushindwa: "We failed to reach him to no avail" inashindwa mara mbili. Andika "We tried to reach him, to no avail." Ukitumia "be", badili kihusishi: "Our calls were of no avail." Upande wa mafanikio neno hili halina maisha, kwa hiyo "to great avail" usiijaribu, sema tu "it worked".

Lipo pia umbo la kale lisilo na -self, ambalo ukisoma Biblia ya Kiingereza ya King James umekutana nalo, Yakobo 5:16: sala ya mwenye haki "availeth much". Biblia yetu ya Muungano imesema "kwafaa sana", na hapo ndipo maana halisi ya kitenzi ilipo wazi kuliko kwenye kamusi nyingi. Leo utalikuta kwenye fasihi kama "It availed him nothing", haikumfaa kitu. Lifahamu kwa kusoma, si kwa kuandikia ofisini.

Ukiwa na haraka, weka kitenzi kingine mahali pa "avail" usikilize. Kama "use" inaingia, basi unaweza kubaki na "avail", ila uongeze -self na "of". Kama inayoingia ni "give" au "send", andika hiyo hiyo. Kama ni "come" au "be present", vilevile.

Karani_wa_Masjala

Nimejaribu kuandika upya aya nzima. Naomba jicho la mwisho:

"Please send the receipts by Friday. The second instalment has not been disbursed. From 1 July, staff and their spouses may avail of the new medical cover, and each employee should be available to the registration exercise at 9 a.m. We called the supplier several times, to no avail."

Kalamu_Nyekundu

Yamebaki makosa mawili. "May avail of" ni ile ya Wairlandi, Wahindi na Wafilipino. Msimamizi wako ataipenda lakini London watauliza -self iko wapi. Andika "may avail themselves of". Pili, "registration exercise" ni tukio, si mtu, kwa hiyo ni "available for". Tena kama unataka wafike, usiseme wawe "available", sema "should come to registration at 9 a.m.", na utaje chumba, maana hujakiandika.

Bin_Kaskazini

Na "exercise" hapo ni yetu pia. Kwenye barua ya Nairobi iache, kwenye ya London iondoe.